SOMO LA MWEZI: KOTI LA NTA LA KIJIDUDU CHA KIFUA KIKUU

Kwa wakulima wa skimu za Muhoroni, Koru, Songhor, Chemelil na pwani yote ya Ziwa



Mwezi huu twataka kukueleza habari za adui mmoja mdogo sana, ambaye aweza kukaa katika boma la ng'ombe wako na katika kifua cha mtu wa nyumba yako. Adui huyo ni kijidudu cha kifua kikuu. Kwamba ugonjwa huo ni mbaya, hilo wajua tayari. Bali twataka ujue sababu ya ubaya wake: kwa nini kijidudu hiki ni kigumu kufa, kwa nini dawa yake humezwa miezi sita wala si siku saba, na kwa nini maziwa yakiganda tu hayawi salama. Majibu ya maswali haya yote yamo katika jambo moja, nalo ni koti ambalo kijidudu hiki hulivaa. Koti hilo limefanywa kwa mafuta yaliyofungwa pamoja na sukari. Wataalamu huyaita mafuta ya namna hiyo glikolipidi.

Usiogope jina hilo. Wewe ulimaye miwa na kukama ng'ombe wazijua sukari na mafuta kuliko watu wengi. Soma polepole, na lililo gumu ulisome mara ya pili.

TAZAMA MUWA WAKO

Nenda shambani asubuhi ukatazame muwa uliokomaa. Chini ya kila fundo utaona unga mweupe kama vumbi. Ukiukwaruza kwa ukucha, hutoka. Ule si uchafu, ni nta. Ukimwagia maji, maji hutiririka yakaacha muwa mkavu. Hali kadhalika jani la nduma: tone la mvua huviringika juu yake kama ushanga, lisiloweshe kitu. Mmea hujivika nta ili maji yake ya ndani yasipotee, na ili wadudu na ukungu wasiingie kwa urahisi.

Kijidudu cha kifua kikuu hufanya vivyo hivyo. Vijidudu vingi vya magonjwa vina koti jembamba ambalo maji na dawa hupita. Lakini jamaa hii, iitwayo mikobakteria, hujivika nta nzito. Ukikikausha kijidudu hiki na kukipima, mafuta yaweza kufika sehemu 40 katika 100 za uzito wake. Katika jamaa hiyo kimo kijidudu cha kifua kikuu cha watu, kimo cha kifua kikuu cha ng'ombe, na kimo cha ukoma.

Nta hiyo ndiyo iliyowasaidia waganga kukiona. Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Muda mfupi baadaye Wajerumani wengine wawili, Ziehl na Neelsen, walitengeneza njia ya kukipaka rangi ambayo yatumika hata leo. Makohozi hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi nyekundu, kioo hupashwa moto ili nta ilainike na rangi iingie. Kisha huoshwa kwa asidi kali. Vijidudu vingine hupoteza rangi yote. Kijidudu cha kifua kikuu huishikilia, kwa sababu koti limekwisha poa na kufunga. Kisha hutiwa rangi ya samawati, na mpimaji akitazama katika hadubini huona vijiti vyekundu juu ya uwanja wa samawati. Basi ukiambiwa kutoa makohozi hospitalini, jua kwamba moja ya njia za kukipima kijidudu ni kulitafuta koti lake.

KOTI LIMEJENGWAJE?

Fikiri juu ya nyumba ya fito na udongo kama zile zilizojengwa miaka mingi katika uwanda wa Kano. Kwanza husimamishwa nguzo na fito, zikafungwa kwa kamba. Kisha hutiwa udongo. Mwisho husiriba ukuta kwa udongo laini na samadi ili mvua isiingie. Ukuta wa kijidudu nao una sehemu zake, toka ndani kwenda nje.

Sehemu ya kwanza ni utando mwembamba wa mafuta unaouzunguka mwili wa kijidudu. Hapa ndipo palipo viwanda vingi vya kutengenezea koti.

Sehemu ya pili ni wavu mgumu ambao hukipa kijidudu umbo lake. Huo ndio fito za nyumba yetu. Karibu bakteria wote wanao wavu wa namna hiyo.

Sehemu ya tatu ni minyororo ya sukari iliyofungwa kwenye wavu ule. Sukari hizo ni mbili, galaktosi na arabinosi. Galaktosi unaijua bila kulijua jina lake, maana ni nusu ya sukari iliyomo katika maziwa. Arabinosi nayo ina jamaa yake katika gundi ya mti wa mgunga. Minyororo hii ndiyo kamba za kufungia.

Sehemu ya nne ndiyo nta yenyewe, iitwayo asidi mikoliki. Hiyo hufungwa kwenye ncha za ile minyororo ya arabinosi, ikasimama karibu karibu kama nyasi za paa. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, Stodola, Lesuk na Anderson, waliitenga mwaka 1938. Ajabu yake ni urefu. Mafuta ya siagi yako yamefanywa kwa minyororo ya kaboni, na ile mirefu iliyo mingi humo ina kaboni 16 au 18. Asidi mikoliki ya kijidudu cha kifua kikuu ina kaboni 70 hadi 90. Kwa sababu ya urefu huo hujipanga ikakaza sana, na maji hayapati njia.

Sehemu ya tano ni mafuta ya juu, ambayo hayakufungwa kwenye ukuta bali yamepakwa tu, kama lile siribo la mwisho. Hapa ndipo penye glikolipidi za namna nyingi. Tutataja tatu, kwa kuwa kila moja ina kazi yake ya kumdhuru mtu au mnyama.

MAFUTA MATATU YENYE SUKARI

1. Mafuta ya kamba. Vijidudu vya kifua kikuu vikikua katika chupa ya maabara hushikana vikawa kama kamba iliyosokotwa. Kinachovishikanisha ni sukari iitwayo trehalosi iliyobeba asidi mikoliki mbili, moja kila upande. Trehalosi ni glukosi mbili zilizounganishwa. Sukari yetu ya miwa ni glukosi moja na fruktosi moja, kwa hiyo hizi mbili ni jamaa. Trehalosi ndiyo sukari iliyomo katika damu ya wadudu kama panzi na nzige, na imo katika uyoga pia. Lakini mwili wa mtu au wa ng'ombe hauitengenezi. Mwaka 1950 Hubert Bloch aliviosha vijidudu kwa mafuta mepesi ya petroli, akayapata mafuta haya, nayo yakaua panya waliochomwa sindano yake mara kwa mara. Mwaka 1956 umbo lake la kemia likajulikana. Leo twajua kwamba askari wa mwili wanacho kipokezi cha kuyatambua mafuta haya, nao wakiyaona hukusanyika wakakizunguka kijidudu na kufanya uvimbe mdogo mgumu. Ndiyo vile vivimbe kama jibini ambavyo mkaguzi wa nyama huvitafuta katika mapafu na tezi za ng'ombe aliyechinjwa.

2. Nguzo ya manosi na arabinosi. Hii imepandwa katika ule utando wa ndani kwa mzizi wa mafuta, na mwili wake ni mnyororo mrefu wa sukari hizo mbili. Wataalamu huiita kwa kifupi LAM. Kazi yake ni hila. Askari wa mwili akikimeza kijidudu hukitia katika kifuko, na desturi ni kifuko kile kimiminiwe asidi na vitu vya kuyeyusha, kijidudu kife. LAM husaidia kuzuia kifuko kisifike hapo. Basi kijidudu hukaa ndani ya askari yule yule aliyetumwa kukiua, na chaweza kulala humo miaka mingi. Lakini hila hiyo imekuwa na faida kwetu pia. Vipande vya LAM huingia katika damu vikatoka kwa mkojo. Siku hizi kuna karatasi ya kupimia mkojo, ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuikubali mwaka 2015 kwa wagonjwa wa Ukimwi walio hoi, ambao mara nyingi hawawezi kutoa makohozi.

3. Mafuta yenye fenoli. Kijidudu cha ng'ombe huyatengeneza, na cha ukoma vilevile, kila kimoja kwa sukari zake. Cha ukoma huweka sukari tatu mwishoni mwa mafuta haya, nazo hukisaidia kushikamana na mishipa ya fahamu. Ndiyo sababu mgonjwa wa ukoma hupoteza hisi ya mkono au mguu akaungua jikoni asijue. Wazee wa pwani ya Ziwa wanaikumbuka Alupe, karibu na Busia, ambako wagonjwa hao walitunzwa na ambako utafiti wa ukoma ulifanywa.

KIJIDUDU HUSHONAJE KOTI LAKE?

Kijidudu hakinunui nta. Huitengeneza chenyewe kutokana na chakula kinachokipata mwilini mwetu, na wale wanaofanya kazi hiyo ni vimeng'enya. Kimeng'enya ni kama fundi anayejua kazi moja tu. Zifuate hatua hizi kama ungefuata muwa toka shambani mpaka gunia la sukari.

Hatua ya kwanza. Fundi mkubwa mmoja huchukua vipande vya kaboni mbili mbili akaviunga. Hutoa mafuta ya namna mbili: mafupi ya kaboni 16 hadi 18, na mengine ya kaboni 24 hadi 26.

Hatua ya pili. Yale mafupi hupelekwa kwa kundi la mafundi wengine, ambao huyaongeza tena kaboni mbili mbili mpaka yafike karibu kaboni 56. Wengine huyatia vipindo vidogo mahali fulani fulani. Hatua hii ishike sana, maana tutairudia tukisema habari za dawa.

Hatua ya tatu. Fundi mwingine huunga lile refu na lile la kaboni 24 au 26, yakawa kitu kimoja chenye tawi. Hiyo sasa ni asidi mikoliki.

Hatua ya nne. Asidi mikoliki moja hubandikwa juu ya trehalosi. Sukari hiyo ni kama mkokoteni wa kubebea, kwa sababu nta peke yake haisafiri vizuri.

Hatua ya tano. Mkokoteni hupitishwa katika mlango maalumu ulio katika utando wa ndani.

Hatua ya sita. Huko nje wapo mafundi watatu wa jamaa moja, nao huishusha nta. Ama huifunga kwenye minyororo ya arabinosi, ukuta ukaongezeka, ama huipakia juu ya mkokoteni mwingine wenye nta yake, yakapatikana yale mafuta ya kamba. Trehalosi iliyobaki tupu hurudishwa ndani ikatumiwa tena. Kijidudu hakitupi kitu.

Kazi hii ni ndefu na ya gharama. Tena koti likiwa zito, chakula nacho huingia polepole. Kwa sababu hizo na nyinginezo kijidudu hiki hukua pole sana. Vijidudu vya kuhara vyaweza kuzaana kila dakika 20 vikipata nafasi nzuri, lakini cha kifua kikuu huhitaji karibu siku nzima. Ndiyo sababu ugonjwa huja taratibu, mtu akakohoa wiki nyingi akidhani ni baridi ya ziwa au vumbi la kiwanda. Wengine hukonda, na jamaa zao wakasema ni chira, wakapoteza miezi wakitafuta mwiko gani umevunjwa. Wakati huo wote yeye huwapulizia wengine ugonjwa, hasa watoto walalao chumba kimoja naye.

DAWA ZAVUNJA KIWANDA CHA KOTI

Mwaka 1952 dawa iitwayo isoniazidi ilianza kutumiwa, ikawa furaha kubwa ulimwenguni. Watu waliitumia miaka mingi kabla ya kufahamu vema inavyofanya kazi. Sasa yajulikana kwamba humzuia fundi mmoja wa ile hatua ya pili. Nta ndefu haipatikani, na kijidudu kinachokua bila koti hupasuka. Dawa nyingine, ethambutoli, iliyogunduliwa mwaka 1961, huzuia kuungwa kwa arabinosi, yaani hukata zile kamba za kufungia paa. Dawa hizo mbili zimo katika vidonge vya kifua kikuu hata leo, pamoja na rifampisini na pirazinamidi.

Sasa waweza kuona mwenyewe kwa nini matibabu ni marefu. Dawa inayozuia ushonaji wa koti humwua yule anayeshona. Kijidudu kilicholala ndani ya kifuko, kisichokua wala kushona, hakiumizwi sana nayo. Lazima dawa ingoje mpaka kiamke, na dawa nyingine zisaidie kukiua kikiwa usingizini. Mgonjwa hujisikia nafuu baada ya wiki chache kwa sababu wale wengi walioamka wamekufa. Hupata nguvu, hurudi kukata miwa, akasema, "Nimepona, dawa za nini?" Hapo ndipo hatari. Waliolala huamka, na wale wenye ubishi wa kuishinda dawa ndio huzaana. Mara ya pili ugonjwa hurudi ukiwa sugu.

Jua tena kwamba miezi hii sita ilipatikana kwa jasho la watu wa hapa kwetu. Zamani matibabu yalikuwa mwaka mmoja na nusu, na wengi waliyaacha njiani. Kuanzia mwaka 1970 hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, zilijaribu njia fupi. Habari zilipotolewa mwaka 1972 zilionyesha kwamba miezi sita ya dawa zenye rifampisini iliponya sawasawa na ile miezi 18. Desturi ya leo ni dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne. Wagonjwa wa Afrika Mashariki ndio waliouonyesha ulimwengu njia hiyo. Ni aibu sisi tuliofupishiwa safari tuiache katikati.

NG'OMBE NA MAZIWA

Sasa turudi bomani. Mwaka 1901 Koch, yule yule aliyekigundua kijidudu, alisimama mbele ya mkutano wa madaktari mjini London akasema kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa watu. Wengi hawakukubali. Serikali ya Uingereza iliunda tume, ikafanya kazi mpaka mwaka 1911, ikathibitisha kwamba kijidudu cha ng'ombe humwambukiza mtu, na kwamba watoto hukipata katika maziwa. Basi hata mtu mkubwa wa elimu huweza kukosa, na ushahidi ndio huamua.

Kijidudu cha ng'ombe kina koti karibu sawa na lile la kijidudu cha watu. Kikiingia kwa njia ya maziwa, mara nyingi huonekana kama uvimbe wa tezi za shingo au ugonjwa wa tumbo au wa mifupa ya mgongo, bila kikohozi. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo asikae akimkanda kwa dawa za majani. Ampeleke hospitali, naye amwambie daktari wazi kwamba nyumbani wanakunywa maziwa yasiyochemshwa. Habari hiyo ni ya maana, kwa kuwa moja ya zile dawa nne, pirazinamidi, haikiumizi kijidudu cha ng'ombe.

Ng'ombe mgonjwa aweza kukonda, kukohoa na kuvimba tezi. Lakini mwingine huonekana mnono, akatoa maziwa mengi, na huku anaambukiza wenzake kwa pumzi na ndama wake kwa maziwa. Hatari huzidi ng'ombe wa gredi wakifungiwa banda dogo lisilo na hewa. Huwezi kumjua kwa macho. Daktari wa mifugo humpima kwa tuberkulini, yaani maji yenye protini za kijidudu kilichouawa. Hunyoa nywele shingoni, hupima unene wa ngozi, huchoma sindano kidogo, na baada ya saa 72 hurudi kupima tena. Ngozi ikivimba, mnyama amekwisha kukutana na kijidudu. Mara nyingine huchoma pia tuberkulini ya ndege mahali pa pili, ili asidanganywe na mikobakteria wengine wasio na madhara makubwa. Kwa hiyo usimwuze ng'ombe katikati ya siku hizo tatu, wala usimkande pale palipochomwa.

Ng'ombe aliyeambukizwa hatibiwi. Twajua ni neno zito kwa mtu ambaye ng'ombe huyo ndiye karo ya watoto. Lakini kumwuza mnadani kwa siri ni kuhamisha moto toka paa lako kwenda paa la jirani, na upepo hugeuka. Fuata shauri la daktari wa mifugo.

KWA NINI KUGANDISHA HAKUTOSHI

Wengi wetu hupenda maziwa yaliyoganda, na watu husema kwamba uchungu wake huua magonjwa yote. Ndugu, kumbuka ile asidi kali ya Ziehl na Neelsen. Ikiwa asidi ya maabara haiwezi kuiondoa rangi katika koti lile, uchungu wa maziwa utafanya nini? Vijidudu vya kifua kikuu vyaweza kubaki hai katika maziwa yaliyoganda. Kinachowashinda ni moto. Viwanda vya maziwa hupasha maziwa mpaka digrii 63 kwa dakika 30, au digrii 72 kwa nukta 15, nao hufa. Nyumbani huna kipimo cha joto, basi chemsha mpaka yatokote na kupanda.

Kama wataka ya kuganda, fanya hivi: chemsha kwanza, yaache yapoe katika chombo safi kilichofunikwa, kisha tia kijiko cha maziwa yaliyoganda ambayo nayo yalitoka katika maziwa yaliyochemshwa. Utamu utaupata, na hatari utaiacha.

KOTI HILO NA CHANJO YA MTOTO

Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, walichukua kijidudu cha ng'ombe kilichotoka katika maziwa ya ng'ombe mgonjwa. Kila walipokikuza kilishikana kwa nta yake kikawa mabonge. Kwa hiyo walikikuza juu ya viazi vilivyotiwa gliserini na nyongo ya ng'ombe, maana nyongo huachanisha mafuta kama sabuni. Walikihamisha mara 230, toka mwaka 1908 hadi 1921. Mwishowe kilikuwa kimepoteza ukali wake, lakini bado kiliweza kuufundisha mwili. Hiyo ndiyo chanjo ya BCG, ambayo mtoto wako huchomwa mkononi akiwa mchanga. Huwakinga watoto wadogo na kifua kikuu kibaya cha ubongo na cha mwili mzima. Kwa kifua cha mtu mzima kinga yake ni dhaifu, kwa hiyo mtu asiseme, "Nilichanjwa," akapuuza kikohozi.

MAMBO YA KUFANYA

1. Chemsha maziwa yote ya nyumbani, hata ya ng'ombe unayempenda na kumwamini.
2. Jenga banda lenye hewa na nafasi ya jua kuingia. Jua na hewa ni adui wa kijidudu hiki. Giza na msongamano ni rafiki zake.
3. Kabla ya kununua ng'ombe wa gredi, uliza kama amepimwa, na wakati gani. Mkiwa chama cha maziwa, ombeni wapimwe wote pamoja, kwa maana kupima boma moja katikati ya maboma kumi hakuna faida kubwa.
4. Nyama iuzwe ikiwa imekaguliwa. Ukiona vivimbe kama jibini katika mapafu au tezi, mwite mkaguzi.
5. Mtu akikohoa wiki mbili, au akitoka jasho usiku na kukonda, aende kupimwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika zahanati na hospitali za serikali. Kupimwa si aibu.
6. Aliyeanza dawa aimalize. Jamaa wamsaidie kwa chakula na kwa kumkumbusha, wasimtenge.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni maswali haya pamoja jioni, na kijana aliye shuleni awasomee wazee.

Kwa nini kijidudu cha kifua kikuu hubaki chekundu baada ya kuoshwa kwa asidi?
Asidi mikoliki hubebwa na sukari gani kwenda nje?
Isoniazidi huzuia hatua ya ngapi ya ushonaji wa koti?
Kwa nini mgonjwa anayejisikia nafuu mwezi wa pili bado ana vijidudu hai?
Nyumbani kwako, je, maziwa ya jana yalichemshwa?

Swali la mwisho si la kitabu. Ukilijibu kwa kweli, somo letu la mwezi huu halikupotea.